Pikapu Kuukuu Inayosumbua Kuwaka Asubuhi

Mkulima, kazi ya shamba haiishi siku ya kuvuna. Viazi vya Isyonje na nyanya za Ilula havina faida mpaka vifike sokoni, na nyanya iliyoiva haimngoji mtu. Wakulima wengi wa Mbeya na Iringa hutegemea pikapu kuukuu ya dizeli kutoa mazao shambani. Miezi ya Juni, Julai na Agosti gari hilo husumbua kuwaka alfajiri. Wengine hukimbilia kununua betri mpya, au humwambia fundi afungue pampu ya dizeli kwa gharama kubwa, kumbe kosa ni dogo. Maelezo haya yatakusaidia kulitambua kosa kabla ya kutoa fedha.

SABABU YA TAABU HII

Injini ya dizeli haiwashwi kwa cheche. Hewa hubanwa kwa nguvu ndani ya silinda mpaka iwe ya moto sana, kisha dizeli hunyunyizwa humo, nayo huwaka yenyewe. Huku kwetu, penye mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari, hewa ni pungufu kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja katika saba. Tena asubuhi hewa hiyo ni ya baridi, oili huwa nzito, na betri hupungukiwa nguvu. Injini mpya huweza kushinda hayo yote, lakini iliyochakaa hushindwa.

1. SIKILIZA INJINI INAVYOZUNGUKA

Washa taa kubwa, kisha piga stata. Kama injini inazunguka polepole na taa zinafifia sana, tazama betri kwanza. Shika vichwa vya waya vya betri mara tu baada ya kupiga stata. Kikiwa na joto, kichwa hicho hakikushika vizuri. Fungua waya, ukianza na ule wa hasi, usafishe ule unga mweupe au wa kijani kwa maji ya moto yenye magadi kidogo, na maji hayo yasiingie ndani ya betri. Kausha, kaza, ujaribu tena. Usilete moto karibu na betri, kwa maana hutoa hewa iwezayo kulipuka.

Kama betri ni nzima na injini bado ni nzito, uliza ni oili gani iliyotiwa. Oili nzito kupita kiasi huikaza injini wakati wa baridi.

2. TAZAMA MOSHI

Kama injini inazunguka upesi lakini haiwaki, mtu mmoja apige stata na mwingine atazame bomba la moshi.

(a) Moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli: dizeli inafika, lakini haiungui kwa kukosa joto. Chunguza plagi za hita, yaani vile vijiti vinavyopasha moto silinda. Ondoa bamba linaloziunganisha. Chukua taa ndogo ya volti 12 yenye nyaya mbili. Waya mmoja uguse chanya ya betri, na wa pili uguse kichwa cha kila plagi kwa zamu. Plagi isiyowasha taa imekufa. Gari huweza kuwaka ikiwa imekufa moja tu, lakini litatetemeka na kutoa moshi mweupe mpaka lipate joto.

(b) Hakuna moshi kabisa: dizeli haifiki. Piga pampu ya mkono iliyo juu ya chujio. Ikiwa laini, kisha ikawa ngumu baada ya kuipiga mara nyingi, na gari likawaka, basi hewa imeingia usiku. Tafuta mpira uliopasuka au kifungo kilicholegea. Fungua pia kizibo cha chini cha chujio umwage maji.

(c) Moshi mweusi: hewa haitoshi. Kiangazi vumbi la barabara hujaza chujio la hewa upesi. Litoe ulikung'ute, au uweke jipya.

3. KAMA GARI NI LA PETROLI

Fungua plagi moja baada ya kujaribu kuwasha. Ikiwa kavu na safi, petroli haifiki. Ikiwa imelowa, cheche ni dhaifu au petroli imezidi. Ikiwa nyeusi kwa masizi, mara nyingi kabureta ilipimwa kwa hewa ya pwani. Fundi aipime upya kwa hewa ya huku.

MAMBO YA HATARI

Usiwashe moto chini ya injini ili kuipasha. Usiweke petroli wala dawa ya kunyunyiza penye mlango wa hewa wa injini yenye plagi za hita, kwa maana huweza kulipuka. Wala usiliachie gari lenye mzigo literemke mlimani ili liwake. Injini isipowaka, breki huwa ngumu kukanyaga na usukani huwa mzito, na miteremko ya Uporoto haina huruma. Shusha mzigo kwanza, ulisukume mahali tambarare.

KUMBUKA

Jaza tangi jioni, kwa sababu tangi lenye nafasi hufanya umande ndani, na maji hayo huingia katika dizeli. Badili chujio la dizeli kabla ya baridi kuanza. Ikiwa umefanya haya yote na gari bado halitaki, huenda ringi za pistoni zimekwisha. Hapo ni kazi ya fundi. Mweleze uliyoyaona: injini ilizungukaje, moshi ulikuwa wa rangi gani, na plagi ipi haikuwasha taa. Fundi aliyeelezwa vizuri hafungui kisichohitaji kufunguliwa, nawe hulipii kisichokuwa kibovu.