Miale Inayopotea Njiani

Galaksi za mwanzo zilikuwa ndogo na hafifu, na nyingi kati yake hakuna darubini iliyowahi kuziona. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mwanga wake bado ipo. Fotoni, yaani chembe za mwanga, zilizoponyoka bila kumezwa na vumbi zingali zinasafiri angani, zimechanganyika na za galaksi zote zilizofuata. Kuupima mwanga huo moja kwa moja ni kazi ngumu mno, maana vumbi lililotapakaa kati ya sayari huakisi mwanga wa Jua na kuufunika ule wa galaksi.

Wanaastronomia wakatafuta njia ya kuzunguka, nayo kwangu ni miongoni mwa fikra nzuri kabisa za sayansi hii. Katika baadhi ya galaksi, shimo jeusi kubwa hurusha mkondo wa chembe kuelekea upande wetu. Galaksi hizo huitwa blaza, na miale ya gama ya nyingi kati yake husafiri mabilioni ya miaka kabla ya kutufikia. Mwale wenye nishati ya kutosha ukigongana na fotoni ya nyota, vyote viwili hutoweka na kuzaa elektroni na positroni; Gregory Breit na John Wheeler walilikokotoa hilo mwaka 1934. Basi mwanga wa nyota ni kama ukungu: blaza ikiwa mbali zaidi, miale yake mikali hupungua zaidi. Kiasi kilichopungua kinaonyesha uzito wa ukungu, na kwa kulinganisha blaza za karibu na za mbali tunajua ulitanda lini.

Mwaka 2006, darubini za H.E.S.S. nchini Namibia zilitumia blaza mbili kuonyesha kwamba ukungu huo ni mwepesi kuliko wengi walivyodhani. Mwaka 2018, kundi la Marco Ajello wa Chuo Kikuu cha Clemson, Marekani, lilichambua blaza 739 na mmweko mmoja wa gama zilizonaswa na darubini ya Fermi, iliyorushwa angani mwaka 2008. Liligundua kwamba nyota zilizaliwa kwa wingi zaidi miaka bilioni 10 hivi iliyopita, kisha kasi ikashuka.

Kwa miaka bilioni ya kwanza ya ulimwengu, vipimo hivi vinatoa kikomo cha juu tu. Lakini kikomo hicho kinajumuisha hata galaksi zisizoonekana: zote kwa pamoja haziwezi kuwa ziliangaza kupita hapo, wala nadharia yoyote ya kuzaliwa kwake haiwezi kukivuka.