Kolajeni ya Binadamu Isiyotoka kwa Binadamu: Tatizo la Istilahi

Miongoni mwa istilahi za sayansi ya uhai zimo zinazotusumbua kwa kuwa hatuna neno, na zimo zinazotusumbua kwa kuwa neno tulilo nalo lasema lisilo kweli. Istilahi tunayokusudia kuijadili hapa ni ya aina hiyo ya pili. Nayo ni *kolajeni ya binadamu*, inapotumiwa kuitaja kolajeni iliyozalishwa na seli za hamira au za mmea wa tumbaku.

Yafaa kwanza tueleze kitu chenyewe. Kolajeni ni protini iliyo nyingi kuliko zote mwilini mwetu; kiasi chake ni kati ya robo na theluthi ya protini zote. Ndiyo inayoipa ngozi uimara, ndiyo inayofanya kano zisikatike mtu anapoinua mzigo, na ndiyo inayozuia mifupa isipasuke kama kigae. Jina lake limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya gundi, kwa sababu mafundi wa kale walichemsha ngozi na mifupa ya wanyama wakapata gundi ya kuungia mbao. Mtu angeweza basi kushawishika kuiita *protini-gundi*. Sisi hatukubaliani na jina hilo. Gundi, kama jelatini, ni kolajeni iliyokwisha kuharibiwa na moto, na jina la kitu kilichoharibika halistahili kupewa kitu kizima. Kolajeni na ibaki kolajeni, katika ngeli moja na protini.

Muundo wake, kwa upande mwingine, hauhitaji neno la mkopo hata kidogo. Kila aliyewahi kuona kamba ya usumba ikisokotwa ameuona. Nyuzi tatu ndefu za protini huzungukana zikawa kamba moja, na katika kila uzi, asidi amino moja kati ya kila tatu ni glisini, iliyo ndogo kuliko zote, kwani ndani ya kamba hapana nafasi ya nyingine. Tunapendekeza *uzi* kwa kila mmoja wa hizo tatu, na *msokoto* kwa umbo lote. Lakini kusokota peke yake hakutoshi. Prolini nyingi zilizomo katika nyuzi hizo hazina budi kuongezewa haidroksili, kazi ifanywayo na kimeng'enya maalumu kinachohitaji vitamini C. Kazi hiyo isipofanyika, msokoto hufumuka kwenye joto la nyuzi 24 hivi za Selsiasi, na joto la mwili ni 37. Hiyo ndiyo siri ya kiseyeye, maradhi yaliyowaua mabaharia wengi katika safari ndefu: mwili ulikosa vitamini, kamba zikalegea, fizi zikatoka damu na majeraha ya zamani yakafunguka upya.

Jambo hilo ndilo lililowachelewesha wataalamu. Mwaka 1978 huko Marekani bakteria walitiwa jeni za insulini ya binadamu, na mwaka 1982 insulini hiyo ikaruhusiwa kutumiwa na wagonjwa. Kolajeni haikuwa nyepesi hivyo, kwa sababu bakteria hawana kimeng'enya tulichokitaja. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oulu, nchini Finland, walitia ndani ya hamira iitwayo *Pichia pastoris* jeni za kolajeni ya namba tatu pamoja na jeni za kimeng'enya hicho, nao wakaona ajabu: kolajeni haikuwa imara bila kimeng'enya, na kimeng'enya nacho hakikuungana sawasawa bila kolajeni. Mwaka 2009 watafiti wa Israel walifanya hivyo hivyo kwa tumbaku, wakiutia mmea jeni tano za binadamu: mbili za nyuzi na tatu za vimeng'enya. Katika kazi zote hizo mwili wa mtu haukutoa ila maagizo. Nyama, ngozi wala damu havikuhusika katika uzalishaji.

Sasa tuirudie istilahi. Katika Kiswahili tukisema *maziwa ya ng'ombe*, *ngozi ya mbuzi*, *damu ya binadamu*, tunataja mahali kitu kilikotoka. Asikiaye *kolajeni ya binadamu* ataelewa kwamba imetolewa kwa mtu, na huenda akadhani ni maiti. Kosa hilo si la nadharia tu. Mwaka 2010 ilitangazwa habari ya wagonjwa kumi nchini Sweden waliowekewa konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, iliyotengenezwa kwa kolajeni ya hamira. Nia hasa ilikuwa kuwaepusha wagonjwa na kungojea macho ya wafu. Tukimweleza mgonjwa wa kwetu habari hiyo kwa istilahi iliyopo, tutakuwa tumemwambia kinyume chake, naye aweza kukataa tiba, au kuikubali, kwa jambo ambalo halipo. Vivyo hivyo kwa yule anayetaka kujua kama dawa ina kitu cha nguruwe au cha ng'ombe. Anayo haki ya kupata jibu, na jibu hilo hupitia katika neno.

Tumeyapima maneno kadha. *Kolajeni ya kibinadamu* haifai, maana msaada wa kibinadamu umekwisha kutufundisha kwamba neno hilo ni la huruma. *Kolajeni bandia* ni mbaya zaidi: bandia ni noti isiyo halali, ilhali mpangilio wa asidi amino katika kolajeni hii ni ule ule wa mwili wetu. *Kolajeni ya hamira* humtaja mzalishaji, lakini yadokeza kwamba hamira ina kolajeni yake, nayo haina.

Tunapendekeza *kolajeni ya kigezo cha binadamu*. Fundi cherehani hukata kitambaa kwa kigezo, na hakuna adhaniaye kwamba nguo imetoka katika karatasi. Mzalishaji na atajwe baadaye, kwa mfano: "Utando huu ni wa kolajeni ya kigezo cha binadamu, iliyozalishwa na hamira; haikutolewa katika mwili wa mtu wala wa mnyama." Ni ndefu, twakiri, lakini tabibu aweza kuisema kwa pumzi moja. Insulini nayo ingenufaika na kigezo hicho hicho. Aidha, twashauri kusema *seli zilizotiwa jeni*, na kuliacha neno *kupandikiza* kwa figo na konea, ili sentensi moja isiwe na upandikizaji wa namna mbili.

Limebaki jambo moja ambalo hatujalipatia neno. Uzi wa kolajeni huzaliwa ukiwa na vipande vya ziada katika ncha zake mbili. Cha mwishoni husaidia nyuzi tatu kukutana kabla ya kusokotana, kisha kamba ikikamilika vipande vyote hukatwa na vimeng'enya. Kamba isiyokatwa ncha huitwa prokolajeni, na hilo latosha. Ncha zenyewe hazina jina. Wasomaji wa mwambao wanaowafahamu wasokotaji wa kamba za usumba wanaombwa watuulizie: mabaki yanayokatwa mwishoni mwa kamba mpya huitwaje?