Kabla ya Kumlipa Fundi Abadilishe Vipuri vya Kompyuta ya Chama



Katika ofisi ya chama cha msingi aghalabu kompyuta ni moja tu, na humo mna orodha ya wanachama, kilo za mazao yaliyopokelewa, mikopo ya pembejeo na malipo ya kila msimu. Miaka ikipita mashine huwa nzito. Katibu huiwasha asubuhi, akafungua madirisha, akafagia na kuwapokea wageni wawili kabla haijawa tayari. Hapo fundi huitwa, naye husema kwamba mashine “iongezewe nguvu”. Maneno hayo hayatoshi kuandikiwa hati ya malipo. Chama hakinunui nguvu; kinanunua kipuri chenye jina na kipimo, na ni haki ya Bodi kuelezwa ni kipi na kwa nini.

Kipuri ambacho mara nyingi hustahili gharama ni diski, yaani mahali maandishi yote yanapohifadhiwa hata umeme ukizimwa. Diski za zamani zina visahani vinavyozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kijimkono kinachopita juu yake kutafuta kilichoandikwa. Kila faili likitakiwa, kijimkono hicho hakina budi kusogea na kungoja kisahani kifike mahali pake. Kungoja huko ni sehemu ndogo ya sekunde. Lakini kompyuta inapowaka hutafuta maelfu ya vipande, na ndipo dakika zinapopotea. Diski za namna mpya, ambazo mafundi huziita SSD, hazina kinachozunguka, kwa kuwa maandishi hukaa ndani ya chipu. Iliyo ya inchi 2.5 huingia katika kompyuta nyingi za zamani zenye kiungio cha SATA, bila kubadilisha kipuri kingine. Badiliko hili peke yake huweza kuifanya mashine iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa iwake kabla dakika moja haijaisha.

Kipuri cha pili ni ramu. Tukilinganisha na kazi zetu, diski ni ghala na ramu ni ukumbi wa mizani: ukumbi ukiwa mdogo, magunia hurudishwa ghalani kila mara ili mengine yapate kupimwa. Kwa kazi za kawaida za ofisi GB 8 zatosha. Lakini vijiti vya ramu ni vya vizazi mbalimbali, DDR3, DDR4 na DDR5, na kimoja hakiingii mahali pa kingine. Aidha, Windows ya kawaida ya biti 32 haitumii zaidi ya GB 4, hivyo chama chaweza kulipia GB 8 kikanufaika na nusu tu. Fundi na aonyeshe kwenye skrini, kazi ikiisha, kwamba ramu yote inatumika.

Prosesa ni habari nyingine. Prosesa ya kizazi kipya huhitaji madabodi mpya, madabodi mpya huweza kuhitaji ramu mpya na pawa saplai mpya. Mwisho wake chama kimenunua kompyuta nzima kwa vipande ndani ya sanduku kuukuu. Hapo ndipo fedha nyingi hupotelea.

Liko pia suala la Windows yenyewe. Kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya kuilinda Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa iliyomo katika orodha ya kampuni hiyo. Kwa Intel Core orodha huanza, isipokuwa chache, na kizazi cha 8, kilichotoka mwaka 2017. Kompyuta ya mwaka 2013 ikitiwa SSD na ramu itakuwa nyepesi, lakini haitapokea Windows 11 kwa njia iliyo rasmi. Yaweza kuwekewa Linux, ambayo hupatikana bure, iwapo programu ya hesabu ya chama inaikubali. La sivyo, kwa maoni yetu, mashine inayofungua akaunti ya benki ya chama isitumiwe fedha zaidi. Fedha hizo ziwekwe akiba ya kununua nyingine.

Kompyuta ikionyesha tarehe ya miaka iliyopita kila inapowashwa, na stakabadhi zikatoka na tarehe hiyo, ugonjwa aghalabu ni betri ndogo mfano wa sarafu, CR2032. Bei yake ni ndogo mno, na mtu asikubali kuuziwa madabodi kwa ajili yake.

Linalotutia wasiwasi kuliko yote ni maandishi yaliyomo. Kabla fundi hajagusa bisibisi, Katibu afanye nakala mbili, azifungue katika kompyuta nyingine, na alinganishe salio la wanachama kadhaa na daftari. Nakala ambayo haijafunguliwa haijulikani kama ni nakala.

Makubaliano yaandikwe: jina la kipuri, ukubwa wake, namba yake, kama ni kipya au kilichotumika, na miezi ya dhamana. Malipo ya awali yawe ya vipuri tu, na ya ufundi yafuate baada ya majaribio. Ziko SSD za bandia zinazojitangaza kuwa na nafasi zisiyokuwa nayo, na zikijaa hupoteza maandishi. Programu ya bure ya H2testw huweza kuzigundua kabla maandishi ya chama hayajahamishiwa humo.

Diski ya zamani ni mali ya chama, wala si sehemu ya ujira. Kufuta mafaili hakuyaondoi mara moja. Mwenye ujuzi huweza kuyarudisha, na humo mna majina, namba za simu na madeni ya wanachama. Kwa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 humtaka anayetunza taarifa za watu azilinde. Namba ya diski hiyo iandikwe kabla sanduku halijafunguliwa, na irejeshwe kwa hati ya makabidhiano. Ifungiwe kabatini hadi mkaguzi amalize hesabu za mwaka. Ikiamuliwa iharibiwe, visahani vyake vitobolewe mbele ya wajumbe wa Bodi, na jambo hilo liandikwe katika muhtasari wa kikao.