Vijana na Muziki wa Ng'ambo (3): Kila Mtu na Nafasi Yake

Wiki iliyopita tulieleza jinsi kampuni za Seoul zilivyoanza kuunda makundi ya vijana waimbaji miaka ya 1990. Leo twende Chile, kwa wasemaji wa Kihispania, mbali kabisa na Korea.

Katika jiji la Santiago, kando ya barabara ya Alameda, kuna jengo la utamaduni liitwalo GAM. Lilikamilika kujengwa mwaka 1972, enzi za Rais Salvador Allende, kwa ajili ya mkutano wa Umoja wa Mataifa. Mwaka uliofuata Jenerali Pinochet akapindua serikali, na jengo likawa makao ya utawala wa kijeshi. Sehemu yake iliungua 2006, nalo likafunguliwa upya 2010. Vioo vyake vinaakisi vizuri, na vijana hawakuchelewa kuliona hilo: hubwaga mikoba, huwasha spika ndogo, hujipanga mbele ya vioo na kufanya mazoezi ya K-pop, yaani muziki wa pop wa Korea Kusini. Ukumbi wa bure.

Wengi hudhani kinachowaunganisha ni mapenzi kwa nyota. Mimi naona siri imo katika mpangilio wa makundi yenyewe. Kundi la BTS lina waimbaji 7. La Seventeen lina 13, ingawa jina lake lamaanisha kumi na saba. Kila mwimbaji ana kipande chake na mahali pake pa kusimama, na safu hubadilika wimbo ukiendelea. Wanaoiga hugawana: wewe Jimin wa BTS, mimi Suga. Asiyetokea mazoezini huacha pengo ambalo kila mtu analiona kiooni, basi hupigiwa simu: uko wapi? Kwa kijana mkimya, ambaye darasani hakuna ajuaye kama amekuja au hakuja, swali hilo si dogo. Lakini nafasi 7 ni 7 tu. Wa nane atapewa simu arekodi.

Wakubwa walichelewa kuwaelewa. Oktoba 2019 nauli ya treni za chini ya ardhi za Santiago ilipanda kwa peso 30, maandamano yakalipuka. Desemba ripoti ya serikali ikawataja mashabiki wa K-pop miongoni mwa makundi yaliyovuma mitandaoni kuhusu ghasia hizo. Wachile wengi waliicheka ripoti hiyo, na walikuwa na haki.

Wiki ijayo tutarudi Seoul, kwa mashabiki wa kundi la H.O.T. waliobeba maputo meupe na wapinzani wao wa kundi la Sechs Kies waliobeba ya manjano.