Gharama ya Kuchelewesha Haki: Birmingham na Deni la Mishahara ya Wanawake

Fidia ya ajira ni malipo anayopewa mfanyakazi kwa sababu mwajiri wake amevunja sheria au mkataba, iwe kwa kumwachisha kazi bila sababu ya haki, kumbagua, au kumlipa chini ya kiwango alichostahili. Mwajiri akiwa kampuni binafsi, hasara hiyo huwaangukia wenye hisa. Lakini akiwa halmashauri, wizara au hospitali ya umma, fedha hutoka katika mfuko uleule unaogharimia maktaba, barabara, taa za mitaani na matunzo ya wazee, kwa hiyo kosa la ofisi ya utumishi hugeuka kuwa mzigo wa kila mlipa kodi. Jiji la Birmingham nchini Uingereza, lenye wakazi zaidi ya milioni moja, limeyaonyesha hayo kwa uwazi kuliko mahali pengi duniani.

Tarehe 5 Septemba 2023 halmashauri ya jiji hilo ilitoa notisi ya kifungu cha 114, yaani taarifa ambayo afisa mkuu wa fedha wa halmashauri hulazimika kuitoa, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1988, anapoona kwamba matumizi yatazidi mapato. Kisheria halmashauri ya Uingereza haiwezi kufilisika kama kampuni, kwa kuwa haifungwi wala mali zake hazigawiwi wadai, lakini notisi hiyo husimamisha matumizi yote mapya isipokuwa yale ya lazima, kama ulinzi wa watoto na matunzo ya watu wasiojiweza. Sababu kubwa iliyotajwa ilikuwa deni la malipo sawa, ambalo halmashauri ilikuwa imelikadiria miezi michache kabla kuwa kati ya pauni milioni 650 na milioni 760, huku likiongezeka kwa pauni milioni 5 hadi 14 kila mwezi.

Chanzo cha deni hilo ni cha zamani. Mwaka 1968 wanawake waliokuwa wakishona viti vya magari katika kiwanda cha Ford huko Dagenham waligoma kwa sababu kazi yao ilipangwa katika daraja la chini, na mgomo wao ukachangia kupatikana kwa Sheria ya Malipo Sawa ya mwaka 1970, iliyoanza kutumika mwishoni mwa mwaka 1975. Tangu mwaka 1984 sheria hiyo ilipanuliwa ili mwanamke aweze kudai mshahara sawa hata kama kazi yake haifanani na ya mwanamume, mradi zina thamani sawa. Thamani hiyo hupatikana kwa tathmini ya kazi, utaratibu wa kuipima kila kazi kwa vigezo kama ujuzi, nguvu, wajibu na mazingira, kisha kuipa alama, ili kazi zenye alama zinazolingana zilipwe sawasawa bila kujali nani anazifanya.

Katika halmashauri nyingi za Uingereza tofauti haikujificha katika mshahara wa msingi, bali katika nyongeza zilizowekwa juu yake. Wazoa taka, wafagia barabara na wachimba makaburi, ambao karibu wote walikuwa wanaume, walipewa bonasi zilizobuniwa miaka mingi nyuma kwa nia ya kuongeza tija, na bonasi hizo zikaendelea kulipwa hata pale ambapo hakuna aliyepima tena tija yoyote. Wapishi wa shule, wasafishaji, wasaidizi wa madarasani na wahudumu wa wazee, ambao wengi wao walikuwa wanawake, hawakupewa kitu, ingawa walikuwa katika daraja lilelile. Katika shauri la Birmingham ilielezwa kwamba mzoa taka mmoja aliwahi kupata pauni 51,000 kwa mwaka, wakati wanawake wa daraja lake walipata chini ya pauni 12,000.

Mwaka 2010 baraza la mashauri ya kazi liliamua kwamba zaidi ya wanawake 4,000 walioshtaki walikuwa wamenyimwa haki yao. Swali lililobaki lilihusu wale waliokwishaacha kazi, kwa kuwa baraza hilo hupokea madai ndani ya miezi sita tu tangu mfanyakazi aondoke kazini. Tarehe 24 Oktoba 2012 Mahakama ya Juu ya Uingereza, kwa kura tatu dhidi ya mbili, iliwaruhusu watumishi wa zamani 174 kupeleka madai yao katika mahakama za kawaida, ambako ukomo wa kudai haki ya mkataba ni miaka sita. Uamuzi huo uliwafungulia njia watu wengine waliodhani kwamba muda wao umekwisha, wa Birmingham na wa halmashauri nyingine.

Ili kuelewa namna deni la aina hii linavyokua, inafaa kuangalia hesabu yake. Nchini humo anayeshinda dai la malipo sawa anaweza kulipwa malimbikizo, yaani tofauti ya mshahara iliyojikusanya nyuma, kwa muda usiozidi miaka sita. Ikichukuliwa kwa mfano tu kwamba mpishi alipunjwa pauni 4,000 kwa mwaka, malimbikizo yake yatafika pauni 24,000. Na wapishi 5,000 wa namna hiyo watadai pauni milioni 120 kabla ya riba na gharama za mawakili. Zaidi ya hapo, kulipa malimbikizo hakumalizi jambo iwapo mfumo wa mishahara haujarekebishwa, kwa sababu kila mwezi unaopita huzaa deni jipya.

Hilo ndilo lililotokea Birmingham. Ili kulipa wimbi la kwanza la madai halmashauri iliuza mali, ikiwemo kampuni iliyoendesha kituo chake mashuhuri cha maonyesho, NEC, iliyouzwa mwaka 2015 kwa pauni milioni 307, na kufikia mwaka 2023 jumla ya malipo ilikaribia pauni bilioni 1.1. Hata hivyo, desturi zilizoleta madai hazikuisha zote. Katika idara ya uzoaji taka uliendelea utaratibu wa wafanyakazi kuruhusiwa kwenda nyumbani mara tu wanapomaliza njia yao huku wakilipwa siku nzima, na mhudumu wa wazee au msafishaji wa ofisi, ambaye hakuwa na ruhusa kama hiyo, alifanya kazi saa nyingi zaidi kwa mshahara uleule. Mwanya huo ukawa msingi wa wimbi la pili la madai.

Wakazi ndio walioilipa gharama. Kodi ya makazi inayotozwa na halmashauri ilipandishwa kwa asilimia 9.99 mwaka 2024, kisha kwa asilimia 7.49 mwaka 2025. Misaada kwa vikundi vya sanaa ikaondolewa, na huduma za vijana na maktaba zikapunguzwa. Kwa kuwa halmashauri haziruhusiwi kukopa kwa ajili ya matumizi ya kawaida, serikali kuu ilitoa kibali maalumu cha kuyahesabu matumizi hayo kana kwamba ni ya maendeleo, na fedha zikatafutwa kwa mikopo na kwa kuuza majengo na ardhi ya umma. Ni haki pia kusema kwamba madai ya wanawake hayakuwa sababu pekee, kwa kuwa ruzuku za serikali kuu zilikuwa zimepungua kwa zaidi ya mwongo mmoja, na mfumo mpya wa kompyuta wa kuendeshea hesabu ulivurugika na kugharimu mara kadhaa ya bei iliyopangwa. Makadirio ya deni lenyewe nayo yalibishaniwa na wataalamu, na mnamo Desemba 2024 halmashauri ilitangaza makubaliano na vyama vya wafanyakazi vya GMB na Unison ya kuyamaliza madai hayo.

Kuurekebisha mfumo nako kuna maumivu yake. Halmashauri ilipofuta cheo kimoja katika magari ya taka, ikieleza kwamba cheo hicho kingezaa madai mapya, wanachama wa chama cha Unite waliona wanapokonywa kipato walichokizoea, na tarehe 11 Machi 2025 wakaanza mgomo usio na kikomo. Mifuko ya taka ilirundikana mitaani hadi kufikia tani 17,000 hivi, panya wakazagaa, na mwisho wa mwezi huo halmashauri ikatangaza hali ya dharura. Mgogoro huo unafundisha kwamba nyongeza iliyotolewa bila msingi ni ngumu kuiondoa, kwa kuwa mfanyakazi aliyeipokea kwa miaka mingi ameshaipangia maisha yake, na yeye siye aliyeibuni.

Birmingham haiko peke yake. Huko Glasgow, Scotland, wanawake zaidi ya 8,000 waligoma kwa siku mbili mwezi Oktoba 2018, na mwaka uliofuata jiji likakubali kulipa takriban pauni milioni 548, fedha ambazo kwa sehemu zilipatikana kwa mpango wa kuuza majengo ya jiji na kuyapangisha tena. Vyama vya wafanyakazi navyo havikusalimika: mwaka 2008 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba chama cha GMB kiliwabagua wanachama wake wanawake, kwa kuwa kiliwashawishi wakubali malimbikizo madogo ili mishahara ya wengine ilindwe.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki jambo hili si la mbali. Kenya na Tanzania zimeridhia Mkataba Namba 100 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1951, unaodai malipo sawa kwa kazi zenye thamani sawa, na kanuni hiyo imo katika Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 na katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004. Mwaka 2024 madaktari wa Kenya waligoma kwa siku 56, na miongoni mwa madai yao yalikuwamo malimbikizo yaliyotokana na makubaliano ya mwaka 2017. Ingawa mgogoro huo haukuhusu jinsia, mwenendo wa deni ni uleule: ahadi isiyotekelezwa kwa wakati haifutiki, bali hurudi ikiwa kubwa zaidi, na wagonjwa ndio wanaotangulia kuumia.

Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba wapishi na wasafishaji waliliangusha jiji la Birmingham. Fedha walizodai zilikuwa mshahara wao, ambao kwa miaka mingi halmashauri iliutumia kwa mambo mengine, na wengi wao ni wakazi wa jiji hilohilo waliopandishiwa kodi na kupunguziwa huduma. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, na kwa taasisi ya umma dawa hiyo inapaswa kuanza kabla ya deni lenyewe. Kila halmashauri, kaunti na wizara ipime kazi zake kwa vigezo vilivyo wazi, ichunguze kila posho na kuuliza nani anaipata na kwa nini, na iwatake wakaguzi wa hesabu waandike malimbikizo ya watumishi kama deni halisi mwaka uleule yanapoanza.