Kikombe Kimoja, Uzito Tofauti: Kupima Mbegu za Uji wa Mtoto

Leo tuzungumze juu ya kupima mbegu za uji wa mtoto aliyetimiza miezi sita na anayeendelea kunyonya.

Siku moja kliniki nilimwandikia mama mmoja hivi: wimbi gramu 800, njugu karanga gramu 200, asage pamoja. Aliporudi nikamwuliza alivyopima. Akanijibu, "Sista, mimi sina mizani. Jirani aliniambia kikombe ni gramu 200, nikaweka vinne vya wimbi na kimoja cha njugu." Kosa halikuwa lake. Lilikuwa langu, kwa sababu nilimpa gramu bila kumwonyesha atazipataje jikoni.

Jirani alisema kweli juu ya wimbi. Lakini kikombe hicho hicho cha njugu zilizomenywa ni kama gramu 150 tu. Mtoto alipunjwa gramu 50, yaani robo ya njugu zake, na njugu ndizo zinazoongeza protini na mafuta katika uji huo.

Kwa nini iwe hivyo? Njugu zina mafuta mengi, na mafuta ni mepesi. Mbegu zenye maganda ni nyepesi zaidi.

Kikombe cha mililita 250, kilichojaa na kusawazishwa juu, huwa na takriban:

- Ndengu: gramu 215
- Wimbi au mtama: gramu 200
- Maharagwe makavu: gramu 190
- Njugu karanga zilizomenywa: gramu 150
- Simsim: gramu 150
- Mbegu za malenge zilizomenywa: gramu 135
- Mbegu za malenge na maganda yake: gramu 65

Je, kikombe chako ni cha mililita 250? Chukua chupa ya maji ya nusu lita. Ikijaa kwa vikombe viwili kamili, basi ndicho.

Kama sicho, usijali. Nunua kilo moja iliyopimwa kwa mizani dukani. Ukifika nyumbani, chota kwa kikombe chako, sawazisha kwa kisu, usishindilie. Hesabu vikombe, kisha gawanya 1000 kwa hesabu hiyo. Kilo ikitoa vikombe vitano, kila kimoja ni gramu 200.

Iko njia nyepesi zaidi. Gawa kilo ya njugu katika mafungu matano yaliyo sawa. Kila fungu ni gramu 200. Fanya vivyo hivyo kwa wimbi, uchukue mafungu manne. Hapo umepata gramu 800 bila mizani.

Jihadhari na mambo haya:

1. Pima kabla ya kusaga. Kikombe cha unga ni chepesi kuliko cha punje.
2. Gorogoro hupima ujazo. Gorogoro ya maharagwe na ya njugu hazina uzito mmoja, hata kama sokoni tunasema "kilo mbili".
3. Chagua njugu vizuri. Zenye ukungu, zilizosinyaa au kubadilika rangi tupa, kwani huweza kuwa na sumu ya aflatoksini, na kukaanga hakuiondoi.
4. Usimpe mtoto mdogo njugu nzima. Zinaweza kumkaba koo.

Siku hizi mezani pangu kliniki kuna kikombe na chupa ya nusu lita. Nikiandika gramu, naandika na vikombe. Nawe ukipewa gramu na muuguzi, usiondoke bila kuuliza, "Sista, hizo ni vikombe vingapi?"

Maswali ya kikundi:
- Kikombe unachotumia nyumbani hujaza mara ngapi chupa ya nusu lita?
- Gramu 300 za njugu ni vikombe vingapi vya mililita 250?

Hadi kipindi kijacho, kwaheri.