Kuiacha Sigara Hakuna Kuchelewa

Wapo wavutaji wengi ambao, wakishauriwa kuacha sigara, hujibu: "Mapafu yangu yamekwisha kuharibika zamani, nikiacha leo nitapata faida gani?" Jibu hilo hupendwa hasa na wale waliovuta miaka ishirini au thelathini. Sisi twaona ni kisingizio, na hapa twataka kukipima kwa yale yaliyothibitishwa na madaktari.

Kwanza yafaa tujue moshi hufanya nini kifuani. Njia za pumzi zina vinyweleo vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, ambavyo kazi yake ni kuyasukuma juu makohozi pamoja na vumbi na vijidudu vilivyonaswa humo. Moshi wa tumbaku huvilemaza. Uchafu hubaki ndani, na mtu hukohoa kila asubuhi akidhani ati ni baridi. Chembe zinazoyalinda mapafu nazo huelemewa na masizi, na vijidudu hupata upenyo. Ndiyo sababu mvutaji yu karibu zaidi na nimonia na kifua kikuu kuliko mwenzake asiyevuta. Kwetu Tanzania, ambako kifua kikuu kingali chaua watu kila mwaka, hilo si jambo dogo.

Sasa na tumtazame aliyeacha. Kwa siku moja au mbili tu, damu yake hujisafisha na ile hewa ya sumu iliyomo katika moshi, ambayo ndiyo hiyo hiyo iuayo watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Baada ya majuma kadhaa vinyweleo huanza tena kazi. Wengine hukohoa zaidi siku hizo, wakaogopa na kuirudia sigara. Kumbe ni kifua kinajifagia.

Mwaka 2020 wataalamu wa Uingereza walichunguza chembe za njia za pumzi za watu 16. Kwa baadhi ya walioacha, hata sehemu 40 katika 100 za chembe hizo zilifanana na za watu wasiovuta kamwe. Naye Richard Doll na wenzake, waliowafuatilia madaktari wa Uingereza tangu 1951, walionyesha mwaka 2004 kwamba aachaye akiwa na miaka 30 huokoa kiasi cha miaka kumi ya maisha, na aachaye akiwa na miaka 60 huokoa mitatu. Mzee asidharau miaka mitatu!

Lakini hatutaki kumdanganya msomaji. Vifuko vya hewa vilivyokwisha kubomoka mapafuni havijengeki tena. Na uchunguzi wa Taasisi ya Pasteur ya Paris, uliotolewa mwaka 2024 kwa kupima damu ya watu 1,000, ulionyesha kwamba sehemu moja ya kinga ya mwili hutulia upesi mtu akiacha, bali ile yenye kuwakumbuka maadui wa zamani hubaki na alama ya moshi kwa miaka mingi. Basi kila mwaka wa kungoja una gharama yake.

Twajua nikotini hufunga mtu kama kamba, wala hatuwacheki walioshindwa mara ya kwanza au ya tatu. Ila twaomba kliniki zetu za kifua kikuu zimwulize kila mgonjwa kama avuta, na zimsaidie kuacha siku ile ile apewapo dawa.